Tochi ya kwanza ya mfukoni: ipi ununue, ipi uiache Luthuli

Naishi ghorofa ya sita huku Pipeline, Nairobi, ambako majengo yamebanana hivi kwamba ngazi huwa giza hata saa sita mchana. Miaka yote nilijimulikia kwa simu: kwanza ile kabambe tuliyoiita mulika mwizi, baadaye simu ya kugusa. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 11. Ikabidi nichague kati ya kuona ngazi na kupatikana kwa simu. Niliteremka nikipapasa ukuta.

Tangu hapo nimenunua tochi saba, nyingine nzuri, nyingine aibu tupu. Nazipanga hapa kwa mtu anayetaka moja tu, ya kukaa mfukoni kila siku.

Kwanza lumeni, kwa sababu hapo ndipo watu huibiwa. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Pita Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini, utaona boksi zimeandikwa lumeni 100,000 kwa tochi inayoenea kiganjani. Piga hesabu. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 hivi kwa kila wati, kwa hivyo lumeni 100,000 zingetaka wati 700 hadi 1,000, yaani pasi ya nguo. Betri moja bora ya aina ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji, nene kuliko AA, hubeba wati-saa 13 hivi. Ingekauka baada ya kama dakika moja, na kiganja chako kingekuwa kimeshapigwa pasi.

Mwanga unaouhitaji ni mdogo kuliko unavyodhani. Kuingiza tokeni kwenye mita, lumeni 5 hadi 15 zatosha. Ngazi na korido, 50 hadi 100. Kutoka steji hadi nyumbani, njia yenye mitaro wazi na mashimo yaliyoibwa vifuniko, 200 au 300. Tena jicho halihesabu kama kalkuleta: ili mwanga uonekane maradufu, lumeni lazima ziongezeke karibu mara nne. Tochi ya 300 na ya 400 hutazitofautisha. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa ni mwanga wa chini kabisa. Tochi inayojua kuwaka kwa ukali tu itakupofusha ukitafuta choo saa nane usiku, na mtoto ataamka.

Kampuni zinazojiheshimu hupima kwa kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, na utaona alama zake ndogo kwenye boksi: lumeni, masaa ya kuwaka, mita ambazo mwanga hufika, na kustahimili maji. Hata hizo zisome kwa jicho kali. Masaa huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hivyo “masaa manne” yaweza kuwa dakika chache za mwanga wa kweli na salio la mwanga wa koroboi. Kwa maji, IPX4 hustahimili mvua ya Aprili. Ikikuponyoka ikaanguka mtaroni, utatamani ungenunua IPX8, ambayo huvumilia kuzamishwa.

Namba moja: tochi ya jiwe moja la AA

Mawe ya AA ni yale ya saa ya ukutani. Kioski chochote kinacho, hata kile cha mama wa mandazi. Stima ikikosa siku mbili, hungojei chaji ya mtu. Unanunua jiwe na safari inaendelea. Tochi yenyewe ni nene kama kidole gumba, haichomozi mfukoni, na ikiwa na kitufe kitakoni unaiwasha gizani bila kuitazama. Nyingi hutoa lumeni 150 hadi 300, na hapo umeshamaliza mahitaji yote niliyotaja.

Olight i5T EOS ndiyo ninayobeba: lumeni 300 juu, 15 chini, basi. Hakuna mwanga wa kupepesa wala michezo. Fenix E12 V2.0 ni ya lumeni 160, na kwa ngazi haina kasoro. Sofirn SP10 Pro ni ya mtu anayependa kuchezea vitu. Kitufe chake kina mambo mengi, na mama yangu aliirudisha siku hiyo hiyo.

Ila usiiwekee mawe ya bei rahisi ukayasahau. Tochi yangu ya pili niliiacha kwenye droo tangu Krismasi hadi Juni. Nilipoifungua, mawe yalikuwa yametoa uji mweupe, springi imeoza na kifuniko kimeganda; hata fundi wa Kirinyaga Road aliitazama tu akacheka. Hata alkalaini hutapika hivyo ikikaa. Tafuta mawe ya kuchaji ya NiMH, Eneloop kwa mfano, ambayo ni nadra sana kuvuja, na uweke alkalaini za akiba kando, nje ya tochi. Kuna pia betri ya 14500: umbo ni lile lile la AA lakini volti ni 3.7 badala ya 1.5. Tochi nyingine huikubali na kung'aa zaidi, nyingine huungua papo hapo. Soma karatasi kwanza.

Namba mbili: 18650 ya kuchaji kwa Taipu C

Kama wewe ni soja wa usiku au wa bodaboda, igeuze iwe namba moja. Wurkkos FC11 hufika lumeni 1,300 na ina sumaku kitakoni: unaibandika kwenye boneti ya gari au kwenye mlango wa chuma, mikono yote miwili ikabaki huru. Sofirn SC31 Pro ni ya lumeni 2,000. Hakuna tochi ndogo inayodumu kwenye kilele hicho. Joto huishusha baada ya dakika chache, na hiyo ni salama yako.

Naiweka ya pili kwa sababu betri yake haiuzwi kioskini. Zinazouzwa mitaani nyingi ni uongo uliofungwa plastiki: ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), irudishe, kwa maana iliyo bora kabisa huishia 3,500 au zaidi kidogo. Nyepesi kuliko gramu 40 itilie shaka, maana ya kweli ina gramu 45 hivi. Jambo la mwisho: legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko kabla ya kuitia mfukoni. Yangu ilijiwasha ndani ya matatu, na nilidhani nimemwagiwa chai pajani.

Namba tatu: AAA ya funguo

Hutumia mawe ya rimoti. Olight i3T EOS hutoa lumeni 180 kwa dakika 20 hivi, au 5 kwa masaa 16. Ni nyembamba kama kalamu nono. Zawadi nzuri, lakini kama ndiyo tochi yako pekee, utaishia kununua nyingine.

Namba nne: zenye chaja yao pekee

Zile za sumaku na kebo maalum. Tochi zenyewe nzuri sana. Ukipoteza kebo, umebaki na kipande cha bomba.

Ya mwisho: za zoom zenye betri ya ndani

Hizi ndizo zimejaa mijini, nyingi chini ya shilingi 500. Mwanga wake ukivutwa huwa mraba mkali katikati na giza pembeni, hivyo huoni miguu yako. Betri ikifa, haibadilishiki. Ninayo moja jikoni kwa ajili ya wageni, na wala siichukii.

Ukifika dukani

Ukiagiza nje, Sofirn na Wurkkos huwa kati ya dola 20 na 35, halafu ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulinganisha na bei ya hapa. Ukinunua mjini, omba kuifungua. Zungusha kifuniko: nyuzi ziwe laini, na pete ya mpira ya kuzuia maji iwepo. Iwashe kwenye mwanga wa chini uielekeze ukutani, kisha itazame kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi inayotambaa ni dalili ya mwanga unaopepesa kwa kasi, na huo huchosha macho ukisomea. Itikise karibu na sikio, isilie njugu. Muuzaji akikataa usiifungue, mrudishie na uende zako. Pale Luthuli duka jingine liko hatua tatu mbele.