Kijitabu cha kusahihisha insha za masimulizi: nimekitumia muhula mzima

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Ujiji, darasa moja lina wanafunzi 64. Kijitabu hiki nilikinunua Mwanga, mjini Kigoma, kwa shilingi 4,000 na pesa yangu haikupotea.

Kilichonifaa hasa ni jedwali la alama. Zamani nilikuwa nahesabu makosa ya tahajia kwa kalamu nyekundu, basi. Jedwali linanilazimisha kuuliza kwanza: mtoto anasimulia tukio moja, au karundika mwaka mzima? Msimulizi mwenyewe kabadilika wapi? Binti mmoja aliandika: "Baba alirudi alfajiri, karabai mkononi, ndoo tupu. Mama akainjika maji bila kuuliza kitu." Anachanganya "r" na "l" karibu kila mstari, lakini hapo nilisoma mara tatu. Kwa usahihishaji wangu wa zamani angepata 7 kati ya 20. Safari hii nimempa 14, na anastahili kabisa.

Lawama ninayo. Insha za mfano karibu zote ni za safari ya mbugani, wakati watoto wangu wanajua ziwa, gati, na zile siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapokaa nyumbani kwa kuwa karabai hazivuti samaki. Nimelazimika kutunga mifano yangu. Halafu nafasi ya maoni ni mstari mmoja! Mtoto kasimulia msiba wa bibi yake, nimwandikie "vizuri, ongeza bidii"? Hapana. Huwa nabandika karatasi ya pili.

Gundi nayo ni dhaifu, kurasa mbili zimeshachomoka.