Shehia mpya, daftari la zamani: tathmini ya huduma za sheha vijijini Pemba

Shehia, eneo la chini kabisa la utawala Zanzibar, ikigawanywa, watu huulizana kwanza nani atakuwa sheha, yaani kiongozi wake. Swali zito ni jengine: daftari la wakaazi litakwenda wapi? Tukiipima huduma ya shehia mpya, hapo ndipo tunapoanzia, kabla hatujaangalia jengo wala kibao cha mlangoni.

Kwa sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 na shehia 388. Ukigawa, kila sheha anabeba wastani wa watu 4,870 hivi. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Anayepigiwa kura ni diwani, na wadi yake aghlabu hukusanya shehia kadhaa. Wengi hupoteza siku nzima kwa kuchanganya milango hii miwili. Taka, soko na leseni ya biashara ni mambo ya baraza la mji au halmashauri. Kuthibitishwa ukaazi, ugomvi wa majirani, kibali cha ngoma au cha kusafirisha ng'ombe, hayo mpelekee sheha.

Faida ya kugawa ipo, tena kubwa. Shehia iliyotanuka kutoka barabarani hadi pwani humlazimisha mzee atembee asubuhi nzima kufuata muhuri mmoja, na akifika sheha keshakwenda mkutanoni wilayani. Ikikatwa, sheha anakuwa mtu wa karibu, anayewajua watu kwa sura na kwa ukoo. Kwa huduma ya mlangoni tunazipa shehia mpya alama nzuri bila kusita.

Kasoro iko kwenye karatasi. Daftari la wakaazi mara nyingi ni kitabu kikubwa cha mistari, kimeandikwa kwa mkono: mkuu wa kaya, waliomo ndani, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuhamia. Wakati wa kugawa, majina hunakiliwa kijiji kwa kijiji. Sasa chukua kijiji kilichopasuliwa na barabara ya vumbi. Nyumba za upande wa pili ama zinaandikwa katika madaftari yote mawili, ama hazimo hata moja. Mwenye nyumba hajui lolote mpaka siku anayotaka barua. Sheha wa zamani humwambia, "Wewe si wangu tena." Yule mpya anafungua kitabu, anapitisha kidole mstari kwa mstari, jina halipo. Dawa yake ni kunakili nyumba kwa nyumba, masheha wote wawili wakitembea pamoja na wajumbe wao, na kila ukurasa kutiwa saini na pande zote mbili. Ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo maana hurukwa.

Halafu kuna majina. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Juma Khamis Juma wanaweza kuwa watatu katika kiambo kimoja. Anayenakili kwa haraka huwaunganisha wawili wakawa mmoja. Sisitiza iandikwe tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, na mwangalie anavyoandika: Khamis mahali pamoja na Hamisi mahali pengine ni usumbufu wa miaka.

Anayeomba Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huanzia kwa sheha, ndipo aende ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa hiyo shehia iliyotajwa katika barua ya sheha lazima iwe ile inayotambulika wilayani. Kama wilayani bado wanatumia jina la zamani, mwombe sheha ataje yote mawili: shehia ya sasa, na ile iliyomegwa. Beba cheti cha kuzaliwa na kivuli chake. Wa Kisiwa Panza, Makoongwe au Fundo wahakikishe haya kabla ya kupanda chombo, maana kurudishwa kwa neno moja lililokosewa ni nauli ya pili, na maji hayamngoji mtu.

Mpaka wenyewe nao huelezwa kidogo mno. "Kutoka mwembe mkubwa mpaka bondeni" hufaa maadamu mwembe umesimama. Ukianguka, kila upande una mwembe wake. Mabonde ya mpunga ndiyo hatari zaidi, kwa sababu wanaolima bonde moja hukaa pande zote mbili. Hapa pana hofu ya kupoteza ardhi, ambayo viongozi hawaijibu vya kutosha. Jibu ni hili: mstari wa shehia haugusi haki ya ardhi. Shamba la eka tatu, mikarafuu na mipando mengine hubaki kwa mwenyewe hata kama sheha wake amebadilika. Lisemwe hadharani kwenye mkutano, na msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya alama ya kwanza kuwekwa.

Pwani na mikoko inahitaji utaratibu wake. Mkataba wa msitu wa jamii uliofungwa kwa jina la shehia ya awali haujigawi wenyewe. Kamati ya zamani itaendelea kukamata wakataji, kamati mpya itadai eneo ni lake, na mikoko itakatwa wakati wanabishana. Afadhali kamati moja ya pamoja mpaka mkataba uandikwe upya.

Pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza Aprili 2016, ndiyo inayoumiza haraka orodha ikivurugika. Mwenye mzee nyumbani asingoje siku ya malipo. Aende kwa sheha mpya wiki mbili kabla, na kitambulisho mkononi, aombe aoneshwe jina limeandikwa vipi na kituo gani. Likiwa halimo, achukue barua kwa masheha wote wawili siku ile ile, azifikishe wilayani.