Nimba na Bansonyi: vinyago viwili vya Wabaga

Wabaga wa pwani ya Guinea ni wakulima wa mpunga, na vinyago vyao viwili vikubwa havifanani hata kidogo.

Nimba, ambaye wenyewe humwita D'mba, ni kichwa na kifua cha mwanamke: pua kubwa iliyopinda, nywele zilizosukwa zikapanda kama ushungi wa jogoo, na matiti bapa yaliyolala. Matiti hayo si kasoro ya mchongaji. Yanasema mama huyu amezaa na kunyonyesha. Mchezaji hujitwika zigo hilo la mbao mabegani, hujifunika kwa nyuzi za mti wa mwale, kisha huchungulia kupitia matundu yaliyo kati ya matiti. Na bado anacheza! Hutoka hadharani, harusini na wakati wa mavuno.

Bansonyi ni nyoka aliyesimama wima, mara nyingi mrefu kuliko mtu, mwili umejipinda polepole na kupakwa pembetatu za rangi. Huyu huhusishwa zaidi na jando.

Kwa rangi na wepesi wa mstari, Bansonyi anashinda. Kwa uzito wa umbo, mimi nampa Nimba. Msanii Picasso naye alikuwa na kinyago chake cha Nimba, na athari ya kinyago hicho inaonekana kwenye sanamu za vichwa vya mwanamke alizotengeneza huko Boisgeloup, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Pigo lililowapata Nimba na Bansonyi ni lile lile: mahubiri ya Kiislamu ya miaka ya 1950, kisha serikali ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, iliyopiga vita mila hizo. Vinyago vingi vya zamani sasa viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.