Uzoefu wangu: ziara ya nusu siku ya Dhauli, kwenye mwamba wa Ashoka (Bhubaneswar, India)

Hii ziara ni gari pamoja na mwongozaji, nili-book kupitia mapokezi ya hoteli niliyofikia Bhubaneswar. Dhauli haiko mbali, kama kilomita 8 tu kusini mwa mji, kwahiyo watu watakwambia chukua bajaji uende mwenyewe, na inawezekana kabisa, ila mimi nasema lipia mwongozaji na nitaeleza kwanini.

Bila mtu wa kukuelezea pale utaona jiwe basi. Jiwe kubwa, maandishi yamefifia (ndo amri alizochongesha Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya uliotawala sehemu kubwa ya India ya kale), juu yake kuna tembo aliyechongwa sehemu ya mbele tu yaani kama ndo anatoka ndani ya mwamba. Wageni wengi niliowaona walipiga picha mbili tatu wakakimbilia kilimani kwenye ile stupa (jengo la ibada lenye kuba) nyeupe iliyojengwa na Wabuddha wa Japani miaka ya 1970 mwanzoni. Nzuri kwa macho sawa, lakini jambo lenyewe liko chini huku, kwenye jiwe.

Mwongozaji wetu, mzee wa hapohapo Odisha, hakuanza na Ashoka. Alitutafutia kivuli akaanza na babu wa Ashoka, Chandragupta Maurya, yule aliyeupindua ukoo wa Nanda kwenye mwaka 321 KK hivi na kukaa Pataliputra, mji ambao leo ndo Patna. Kilichonifurahisha ni kwamba kila alichosema alitaja kimetoka wapi, hiki ni mapokeo ya Wahindi (kwamba Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, anayeitwa Chanakya ndo alikuwa akili ya mapinduzi), hiki cha Wagiriki, hiki cha Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), hiki kimeandikwa hapa mwambani. Waongozaji wengi wanachanganya vyote wanakumiminia tu. Kwa upande wa Wagiriki akatuambia habari za Seleucus, mmoja wa majenerali waliogawana himaya ya Alexander, alivyokuja hadi mto Indus, mwisho wakapatana, Seleucus akaachia ardhi za upande wa Afghanistan akaondoka na tembo 500. Balozi wake Megasthenes ndo aliyeandika kwamba Pataliputra ilikuwa na ukuta wa mbao wenye mageti 64 na minara 570. Na Wajaini wanasimulia kwamba Chandragupta uzeeni aliacha kiti akaenda kusini Shravanabelagola akafunga kula hadi kufa. Bindusara, mtoto wa Chandragupta na baba wa Ashoka, mzee alimgusia haraka tu, sawa.

Halafu tukafika kwa Ashoka na hapa ndo hela yangu ilipolipa. Kwenye mwaka 261 KK aliivamia Kalinga, yaani nchi hiihii tuliyosimama. Amri yake ya 13 inasema mwenyewe kwamba watu 150,000 walichukuliwa mateka, 100,000 waliuawa na wengine wengi zaidi ya hao walikufa, na kwamba anajuta. Mfalme mshindi anaandika kwenye mawe kwamba ushindi wake unamuuma! Nilishasoma hilo kabla ya kwenda na nilitegemea kuoneshwa huo mstari. Mzee akasema haupo. Haupo Dhauli, haupo Jaugada, yaani sehemu zote mbili za Kalinga zenye mwamba wa namna hii wameruka amri ya 11, 12 na 13. Yale majuto yaliandikwa mbali huko, Girnar upande wa Gujarat, Kalsi kaskazini, Shahbazgarhi ambayo sasa iko Pakistan. Waliouliwa ndugu zao hawakuandikiwa.

Walichoandikiwa ni amri mbili za peke yake kwa maofisa wa Tosali, makao ya utawala ya hapo karibu. Anasema watu wote ni watoto wangu, anawakataza maofisa kufunga na kutesa watu bila sababu, wasiwe na hasira wala uvivu, na kwamba kila miaka mitano atatuma mtu asiye mkali aje kukagua. Tena zisomwe kwa sauti watu wasikie. Mimi nilivyoelewa ni kwamba alikuwa anatawala watu wenye kidonda kibichi, akaona kuwatajia idadi ya wafu wao ni kuwachokoza, bora kuwabana maofisa wake. Siwezi kumsifia kirahisi baada ya hapo ila siwezi kumdharau pia, maana hizo amri za maofisa hata leo serikali nyingi zingezihitaji. Humohumo mwambani kuna amri ya visima na dawa za watu na wanyama, na ya jikoni kwa mfalme, kwamba zamani walichinja wanyama maelfu kwa maelfu kila siku na sasa wamebaki tausi wawili na swala mmoja, na swala si kila siku.

Sasa nilichokipunguzia maksi. Anguko la ukoo lilisimuliwa ndani ya gari tukirudi, dakika chache, huku dereva kafungulia redio. Mzee alisema Ashoka aliwalainisha wanajeshi kwa mambo ya amani ndo maana kufika mwaka 185 KK hivi mfalme wa mwisho, Brihadratha, akauawa na jenerali wake Pushyamitra kwenye gwaride. Hapo sikubaliani naye. Ashoka hakuvunja jeshi hata siku moja, kwenye amri ileile ya 13 anawaonya watu wa msituni kwamba pamoja na majuto yake nguvu bado anazo. Himaya ilitoka Kandahar huko Afghanistan hadi Karnataka kusini mwa India, inashikwa na magavana wa miji ya Taxila, Ujjain, Tosali na Suvarnagiri, na alipofariki kwenye 232 KK waliofuata hawakuwa na uzito wake, miaka hamsini tu kila kitu kimekwisha. Nilitamani tubishane vizuri ila tulishafika hotelini.

Pia ratiba inakupa muda mrefu sana kule juu kwenye stupa na maduka yake. Ukibook waambie mapema wapunguze huko wakupeleke Udayagiri, upande wa pili wa mji, kwenye pango la Hathigumpha, maana kule kuna maandishi ya Kharavela, mfalme wa Kalinga aliyeinuka baada ya Wamaurya kuondoka. Wengine hotelini waliongezewa hiyo kwa hela kidogo. Nendeni asubuhi, jua la Odisha halina mchezo, na mwombeni mwongozaji anayejua maandishi, siyo wa kupiga picha tu. Nyota nne kati ya tano.