QPainter ya Qt: nimechora geji ya tangi la maji, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, mama mwenye nyumba wangu hapa Sinza ana tangi la lita 5000 huko juu, kachoka kila asubuhi kumpandisha kijana ngazi akachungulie maji, akataka ayaone kwenye kompyuta ya dukani kwake, na geji iwe kama ya mafuta ya bajaji. Sensa haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni geji.

Qt (maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe) ina QDial ila ile ni kama kitasa cha volyumu ya redio, so nikaamua nichore mwenyewe na QPainter, zana yake ya kuchorea, kwa Python (kupitia PySide6, inayoiunganisha Python na Qt). Unaunda wijeti yako (kipande cha dirisha), unaandika paintEvent, yaani sehemu inayoitwa kila wijeti ikitakiwa kuchorwa, humo ndani unafungua QPainter unaanza kuchora. Rahisi eeh? Nikaipa drawArc, amri ya kuchora tao, 180 nikitegemea nusu duara, ikatoka kakipande kama ukucha uliokatwa. Kumbe inahesabu kwa sehemu ya 16 ya digrii, yaani duara zima ni 5760, nusu ni 2880! Halafu sifuri iko kulia, pale penye 3 kwenye saa ya ukutani, na inazunguka kinyume na mishale ya saa. Sasa rotate, amri ya kuzungusha niliyotumia kwa mshale, yenyewe inataka digrii za kawaida na inaenda na saa. Sikulijua hilo, nikapeleka hivyo hivyo, mshale ukawa unaenda kinyume. Mama akanijia juu: "Mwanangu, bomba halijatoa maji tangu juzi, hii geji yako inasema tangi limejaa, unanitania?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kingine, mistari ilitoka na meno kama msumeno mpaka nilipowasha Antialiasing (kulainisha kingo za mistari) kwenye setRenderHint, maana haiji imewashwa.

Ila ukishaizoea tamu balaa. Nimechora kila kitu kwenye eneo la 200 kwa 200, halafu amri ya scale inakuza yenyewe dirisha likivutwa. Na update, amri ya kuomba ichorwe upya, haichori papo hapo, ukiiita mara kumi mfululizo inaziunganisha inachora mara moja, ndo maana ile kompyuta ya zamani ya dukani haipepesi hata kidogo. Na Qt ni bure kwa leseni ya LGPL (ya programu huria).

Nyota nne, ya tano imeliwa na ile 16.

Sasa mama anataka maji yakifika robo geji iwe nyekundu na ipige kelele. Nyekundu nshaweka, ni setPen (rangi ya kalamu) tu. Kelele tutaongea bei.