Opinel namba 8: nilinunua pete, kisu kikaja nayo

Nina kovu la mishono mitatu kwenye kidole cha shahada. Nililipata kwa kisu cha kukunja nilichokipenda sana: chepesi, kikali, na hakikuwa na kifungio chochote. Bapa lilishikiliwa na springi tu. Nilikuwa natoboa kona ya boksi gumu, ncha ikanasa, mkono ukaendelea kusukuma, bapa likarudi nyumbani kwake na kidole kikiwa mlangoni.

Tangu siku hiyo siulizi kama kisu kinakata. Kukata, kila kisu kitakata ukikinoa. Nauliza kikishafunguliwa, ni nini kinachokizuia kisijifunge?

Kwa miaka miwili sasa natembea na Opinel namba 8. Ni kisu cha Ufaransa, Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, mpini wa mbao na bapa la sentimita 8.5. Ukikitazama utadhani umeazima cha babu. Lakini shingoni kina pete ya chuma yenye mwanya. Ukishafungua bapa unaizungusha pete, mwanya unahama, na bapa halina tena pa kupita. Basi, hakuna kingine. Hakuna kitufe cha kujaa vumbi la mfukoni. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, na baadaye ikaboreshwa ili ifunge hata kisu kikiwa kimekunjwa. Hili la pili ndilo lililonifanya nitoe hela, kwa sababu mfukoni mwangu kuna funguo, na nyumbani kuna mtoto anayependa kujua mfukoni mwangu kuna nini.

Visu vingi vya kisasa vina kibamba chembamba ndani ya mpini kinachoruka na kukaa nyuma ya bapa. Ni kifungio kizuri kikitengenezwa vizuri, na unakifungua kwa mkono mmoja. Ila ili ukikunje inabidi upitishe dole gumba kwenye njia ya bapa. Mimi na vidole vyangu hatutaki tena mchezo huo. Opinel inadai mikono miwili, kufungua na kufunga. Sawa tu, maboksi hayakimbii.

Udhaifu wake ni mbao. Ikilowa inafura, na bapa linabanwa lisitoke. Dawa yake ya kale ni kulegeza pete kisha kugonga kitako cha mpini mezani, bapa lichomoze kidogo. Kama kazi yako ni ya majini, tafuta mpini wa plastiki. Kuhusu bapa, kuna la chuma cha kaboni, rahisi kunoa lakini likikata limau linabadilika rangi, na ukilikunja likiwa na maji linashika kutu. Nilichukua la chuma cha pua, maana najijua kwa uvivu wa kufuta.

Dukani usikubali kukitazama kwenye kioo tu. Kifungue, zungusha pete, weka vidole mbali na njia ya bapa, halafu kandamiza mgongo wa kisu kwa kiganja. Bapa lisikubali kurudi. Litikise kushoto na kulia pia. Pete iwe nzito kidogo kuzunguka. Ikizunguka yenyewe kama pete ya kuazima, rudisha.

Na uangalie sheria ya unakokwenda. Kifungio hikihiki ninachokisifu kinaweza kukuponza: Uingereza wanaruhusu kubeba bila sababu kisu cha kukunja kisicho na kifungio, makali yake yasizidi inchi 3. Chenye kifungio lazima uwe na sababu ya msingi. Kwenye ndege kinasafiri ndani ya mzigo wa chini, si mfukoni. Hilo nililijua vizuri kabisa, nikalikumbuka nikiwa nimeshafika mbele ya mkaguzi. Hiki ninachokizungumzia ni cha pili.