Mtoto wa mbwa: wa Nairobi au wa hapa Malindi?

Ukitaka German Shepherd halisi wa kukaa na familia, njia ni mbili. Mfugaji wa Nairobi aliyesajili mbwa wake atakupa cheti cha ukoo. Mwombe pia picha za eksirei za nyonga za wazazi, maana hizo zina uzito kuliko cheti: ubovu wa nyonga hurithiwa, na mbwa wakubwa ndio huteseka nao zaidi. Shida ni safari. Njia ni zaidi ya kilomita 500, joto kali, na mtoto ambaye hajamaliza chanjo anaweza kuambukizwa parvo, ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika kwa mbwa, njiani.

Wa jirani hapa Malindi ni nafuu, tena unamwona mama yake kwa macho: anavyopokea wageni, anavyowavumilia watoto wakimshika masikio. Hilo kwangu ni kubwa sana. Ila uhalisi wake ni wa maneno tu, na eksirei ya nyonga hutaipata.

Kwa mbwa wa nyumbani, mimi ningechukua wa jirani, mradi daktari wa mifugo amkague kwanza na awe ametimiza wiki 8 kwa mama yake. Wa kuzalisha, ningemfuata Nairobi.